Umati wa Baba Ulioandikiwa Mtu Mwingine

Mimi nauza karatasi. Si za kuandikia. Hizo zina maduka yake yenye milango ya vioo. Nauza magazeti yaliyokwisha kusomwa, kwa kilo, kwa wauza karanga, wauza vitumbua, mabucha na mafundi rangi wasiotaka kuchafua sakafu za watu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, kazi hii imepata heshima kidogo, ingawa bado hakuna mzazi anayemwombea mwanawe aje kuifanya. Kibanda changu kiko pembeni ya soko hapa Shinyanga mjini. Siku za mnada napeleka mzigo Kharumwa, na mara mojamoja nafika Geita kwa kaka yangu anayekaa Kalangalala, mtaa ambao kila nyumba inakaanga kitu cha kuuza.

Katika biashara hii usipohesabu mara mbili umekwisha. Robota la magazeti linaweza kuwa na tofali katikati. Linaweza kuwa limemwagiwa maji usiku ili asubuhi liiname vizuri kwenye mizani. Nimewahi kukuta pasi ya mkaa, nzima na mpini wake, imelala katikati ya habari za michezo. Pasi hiyo ninayo mpaka leo na inafanya kazi kuliko aliyeniuzia. Kwa hiyo nikinunua robota nalifungua, nageuza karatasi mojamoja, halafu nageuza tena. Wapita njia hudhani nasoma. Nilianza kwa kutafuta matofali. Kusoma kulinijia baadaye, bila kukaribishwa.

Robota lililonitia wazimu lilitoka Ushirombo. Mjane wa mwalimu mmoja alikuwa anasafisha stoo ya marehemu, akaniuzia magazeti ya zamani, mengine ya kabla sijazaliwa, yakiwa yamefungwa kwa kamba ya katani na kunyooshwa kama mashuka ya wageni. Nilipoyafungua kibandani nikaona mji wangu. Niliona stesheni ya reli na malori ya pamba yaliyopanga foleni mpaka nje ya picha. Niliona tangazo la baiskeli ambayo mwanamume akiipanda, kwa mujibu wa tangazo, wanawake watatu humgeukia kwa pamoja. Nikaona barabara ileile ninayokaa mimi, na kando yake miti mikubwa iliyopakwa chokaa mashinani, mmoja ukiwa umesimama hasa pale ninapotandika turubai na kuungua jua kila siku. Nilitafuta robota zima nijue nani aliukata mti wangu. Hakuna gazeti lililotaja.

Nikaendelea kugeuza, na kadiri nilivyogeuza ndivyo nilivyochukia. Kila picha ina mtu mwenye suti, na mtu huyo ana jina lake, la baba yake, la babu yake na cheo. Pembeni yake kuna watu hamsini, na hao hamsini wote kwa pamoja wanaitwa wananchi. Mama aliyebeba gunia la pamba kichwani ni mkulima. Mzee aliyeshika kamba ya ng'ombe ni mfugaji, na ng'ombe ana bahati, maana ameandikwa kuwa ni wa daraja la kwanza. Nikatafuta katika robota lile mtu mmoja tu asiye na viatu aliyeandikwa jina. Nikatafuta mara ya pili. Simpati mpaka leo.

Ndipo nikaifikia ile picha.

Ilikuwa ukurasa wa mbele. Mpiga picha alikuwa amesimama juu ya jukwaa, nyuma ya mgeni rasmi, akapiga kupitia bega lake. Unamwona mgeni kwa nyuma, mkono mmoja hewani, mdomo umekaribia kipaza sauti. Mbele yake uwanja umejaa watu mpaka pembeni. Chini wameandika: wananchi wa Shinyanga waliofurika uwanjani wakimsikiliza kwa makini mgeni rasmi.

Maneno hayo niliyajua kwa moyo kabla sijajua kusoma. Nyumbani kwetu yalikuwa yakitajwa kama watu wengine wanavyotaja ugonjwa wa ukoo.

Lazima nieleze, maana wa mbali hawezi kujua. Baba yangu alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake; Kisukuma tunasema ningi. Kikundi chake kilicheza ngoma ya majembe, ambayo wachezaji hurusha majembe hewani na kuyadaka. Kwetu, baada ya mavuno, ngoma haichezwi ili watu wafurahi tu. Inachezwa kwa mashindano. Vikundi viwili vinaanza kwa wakati mmoja, huyu mwisho huu wa uwanja, huyu mwisho ule, na anayeshinda ni yule ambaye jua likishuka ana watu wengi zaidi. Macho yako ndiyo kura yako, na miguu yako ndiyo sanduku. Ukiondoka kwenda kununua muwa, umempunguzia mtu wako. Ukigeuka kutazama upande wa pili, umempunguzia mtu wako na umempa adui yake. Nimesikia watu waliokojoa palepale waliposimama kuliko kumpunguzia manju wao.

Sasa mwaka ule wa picha, siku ya Sabasaba, waliopanga sherehe walifanya kosa ambalo ni mtu wa ofisini tu anaweza kulifanya. Waliita vikundi viwili vinavyoshindana, wakavipa kila kimoja upande wake wa uwanja, halafu wakaweka jukwaa la hotuba katikati na kudhani wameleta burudani. Baba alipewa kona yenye ua wa minyaa. Kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na minyaa na hakuna mtu angeweza kusimama huko, watazamaji wake wote walijikusanya upande mmoja, kati ya ngoma na jukwaa. Upande mwingine alikuwepo manju wa ngoma ya chatu, wale wanaocheza na nyoka hai. Mgeni rasmi akapanda, akahutubia. Ngoma hazikunyamaza. Askari walipoona aibu imezidi wakatawanya watu kabla jua halijashuka.

Nani kashinda? Waamuzi walikuwa wawili, mmoja kila upande, na kila mmoja aliona watu wake tu. Wakabishana siku kadhaa. Halafu gazeti likafika. Nakala moja, kwenye gulio la pamba, watu wakiwa wamekaa juu ya marobota wakisubiri kupimiwa. Karani akasimama akasoma kwa sauti maneno ya chini ya picha: waliofurika, wakimsikiliza kwa makini. Basi ikawa hukumu. Watu waliokuwa karibu na jukwaa ni wa majembe. Gazeti limesema walikuwa wakimsikiliza mgeni. Kwa hiyo walimwacha manju wao akipiga ngoma peke yake. Chatu kashinda.

Kushindwa baba angevumilia. Kushindwa kupo. Lakini kukimbiwa na watu wako wakaenda kusikiliza hotuba ya mbolea, hilo manju halimtoki. Kikundi kilisambaratika kabla ya mvua. Baba akahamia Maganzo kuchimba almasi, akaishi humo kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na chekeche, na mpaka nakua sikuwahi kumwona ameshika jembe kwa kitu kingine isipokuwa kulima. Kwenye harusi, mtu akishalewa, lazima aulize: hivi yule manju aliyekimbiwa ni nani vile? Baba alikuwa anasema jambo moja tu. "Hawakugeuka." Hasemi zaidi. Na sisi watoto wake, aibu iliyoje, tulimwonea huruma kama unavyomwonea mtu anayekana kilichoandikwa.

Kwa hiyo nilipoisoma picha ile kibandani nilifanya walichofanya wote. Nilisoma maneno, nikaumia, nikaikunja niitie chini ya robota.

Jirani yangu wa vitumbua alikuwa ameinama anachagua karatasi za kufungia. Yeye huchagua zenye picha, anasema wateja wanapenda. Akaivuta.

"Shoga, huyu bwana alikuwa ananuka?"

"Nani?"

"Huyu mwenye kipaza sauti. Mbona wote wamempa mgongo?"

"Wanamsikiliza. Imeandikwa hapo chini."

"Wanamsikiliza kwa visogo?"

Nikamnyang'anya. Nikaipeleka juani. Picha imepigwa kutokea nyuma ya mgeni, kwa hiyo watu wanaomsikiliza walitakiwa kuonekana nyuso. Hapakuwa na nyuso. Palikuwa na visogo, migongo, khanga zilizofungwa kwa nyuma, watoto waliobebwa mgongoni, kofia zilizotazama mbali. Nikahesabu nyuso zilizoelekea jukwaani. Nne. Nikahesabu tena. Nne, na mmoja wao askari, na mwingine mtoto mchanga aliyekuwa analia. Mbele kabisa ya visogo hivyo kulikuwa na wingu la vumbi, na juu ya vumbi madoa meusi ambayo wino wa gazeti ulikuwa umeyaharibu.

Miaka yote ile. Gulio zima la watu wenye macho, waamuzi wawili, karani mmoja, na mimi ninayejidai huwa sidanganywi na robota. Tulilisoma, hatukulitazama. Nilikaa juu ya mizani yangu mwenyewe, na hasira niliyokuwa nayo nadhani ingesoma kilo kadhaa.

Jirani yangu akaniuliza kama bado ataruhusiwa kufungia vitumbua karatasi ile. Nikamwambia hiyo hapana, achukue wanasiasa wengine.

Mwezi uleule mjini pakatangazwa maonyesho ya picha za zamani za Shinyanga, kwenye ukumbi mmoja si mbali na stendi. Waandaaji walikuwa wamekopa picha halisi sehemu mbalimbali, wakazikuza, wakazibandika kwenye mbao. Niliingia nikiwa na khanga ya kibandani na vumbi langu. Niliiona nikiwa mlangoni. Ilikuwa kubwa kuliko kitanda, na safi. Visogo vilionekana mpaka ungeweza kuvisuka nywele. Na yale madoa meusi juu ya vumbi hayakuwa madoa. Yalikuwa majembe, yamerushwa hewani, makali juu. Chatu harushwi hewani hata mtu awe mlevi kiasi gani. Watu wale walikuwa wa baba.

Chini yake, kwenye karatasi mpya, kwa herufi mpya, maneno yaleyale: wakimsikiliza kwa makini.

Walikuwa na miaka yote ya kufikiri, mashine ya kukuza picha, na taa mbili zilizoelekezwa juu yake.

Ofisa wa maonyesho alikuwa binti mpole, kitambulisho shingoni. Alinisalimia shikamoo, nikamwitikia marahaba, tukaanza vizuri.

"Umeipenda hii, mama? Hata sisi ndiyo tumeiweka kwenye kadi za mwaliko."

"Picha nimeipenda. Maneno ndiyo mabovu. Watazame watu hawa uniambie wanamsikiliza nani."

Akatazama. Sitamsingizia, alitazama vizuri, na hakuhitaji muda mrefu. "Ni visogo," akasema taratibu. "Vyote ni visogo."

"Basi badilisheni. Andikeni, wananchi wakitazama ngoma ya majembe."

"Mama, bango limeshapitishwa na kamati."

"Kamati iliitazama picha?"

"Ilisoma maelezo."

Nikaanza kufanya naye bei, maana ndiyo lugha ninayoijua. Nikataka waandike ngoma, majembe na jina la baba. Akasema haiwezekani. Nikaacha jina, nikabaki na ngoma na majembe. Akasema neno lolote jipya linahitaji kikao. Nikasema basi futeni tu hilo "wakimsikiliza", muandike "wakiwa uwanjani", mtu achague mwenyewe walikuwa wanafanya nini. Nilikuwa nimeshuka mpaka chini ya bei ya kununulia. Bado akatikisa kichwa. Halafu akaangalia mlangoni, akasogea, akanipa kile alichokuwa nacho.

"Nikusaidie, mama yangu. Kubadilisha neno kunataka kikao. Lakini kuiondoa picha ninaweza leo hii, mimi mwenyewe. Nitasema ilipata unyevu."

Nadhani alitegemea nitashukuru, na alikuwa anajitoa kweli. Lakini niliuelewa mji mzima kwa sentensi hiyo. Kumsahihisha mtu ni kazi ya kamati. Kumfuta ni kazi ya mtu mmoja, na inaisha kabla ya chai.

Nilimwambia asiiguse mpaka nirudi. Umati haukuwa wangu. Mwenyewe alikuwa Maganzo.

Baba anashinda kwenye benchi mbele ya fundi baiskeli, kando ya barabara, na anashinda na mzee wa chatu. Ndiyo, huyohuyo. Yeye naye almasi zilimvuta, akawa broka mdogo wa vijiwe ambavyo ukipiga chafya vimepotea. Wake zao wamekufa, magoti yao yamekufa, kilichobaki hai ni ule ubishi. Niliwakuta wako katikati yake.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

"Mwangaluka, mayu. Kaa. Huyu anasema leo mgongo unamuuma. Nimemwambia ni uzito wa ushindi wa wizi."

"Uzito wa chatu," akasema mwenzake. "Wewe wa kwako mgongo mwepesi, hukuwa na watu wa kubeba."

Nilitoa simu nikamwonyesha baba picha niliyoipiga ukumbini. Akaisogeza, akaiweka mbali, akaifunika jua kwa kiganja. Macho yake hayakuweza. "Naona jivu," akasema, akanirudishia. Kwa hiyo nikamweleza kwa mdomo: jukwaa, visogo, vumbi, majembe. Fundi baiskeli alikuwa ameacha kuzungusha gurudumu.

Mzee wa chatu ndiye aliyejibu. "Gazeti mimi nilikuwa nalo. Nilitembea nalo mfukoni mpaka likaisha. Sikuona jembe."

"Ulikuwa unasoma au unatazama?" nikamuuliza.

"Mimi sijui kusoma, mwanangu."

"Sasa ulilibebea nini?"

"Nilijua lilichosema."

Nikawaeleza kuhusu yule binti na pendekezo lake: picha inaweza kubaki na maneno ya uongo, au inaweza kuondolewa kabisa, na kesho ndiyo siku ya kufunga, kutakuwa na mgeni rasmi. Nikamwuliza baba anataka nini.

"Nataka kuona," akasema. Kisha, bila kumtazama mwenzake: "Na huyu aje. Nikienda peke yangu atasema nimegeuka."

Asubuhi tukapanda gari la Shinyanga, wazee wawili na makoti yao ya misiba, mimi katikati kama mpaka wa nchi. Njia nzima hawakutaniana. Hilo lilinitisha kuliko kitu chochote.

Ukumbini baba alitembea moja kwa moja. Picha kubwa kama ile hata macho yake yaliiona. Akasimama. Mzee wa chatu akavua kofia, nadhani kwa mazoea, maana palikuwa kimya kama pana maiti. Baba alianzia chini, kwenye visogo, akapita polepole kama mtu anayetafuta mbuzi wake kwenye zizi la watu. Akagusa kisogo kimoja, akasema mtu yule alikuwa akiuza tumbaku. Akagusa khanga, kidole kikabaki pale. Baadaye aliniambia alidhani ni mama yangu, ila hakuwa na hakika, na hakutaka kudanganya mbele ya adui. Halafu akapanda juu kwenye vumbi. Kulikuwa na jembe moja lililokuwa juu kuliko mengine yote.

"Lile langu," akasema. "Mpini wake ulikuwa mfupi, nililipenda hivyo. Linakwenda juu. Halijashuka."

Mimi niliangalia pembeni. Nilijihesabia mbao za dari.

Mzee wa chatu alikaribia mpaka pua ikagusa picha. Akapima kwa kidole, katikati hasa, pale penye majembe.

"Ile yangu ilikuwa imekunjwa hapa," akasema.

"Miaka yote?"

"Gazeti lazima likunjwe. Ungeliweka wapi?"

"Ulilikunja penye watu wangu."

"Nililikunja katikati. Watu wako ndio walikuwa katikati." Akarudi nyuma, akaweka kofia kichwani, akaitoa tena. Nilimwona anatafuta maneno, na kwa mtu aliyeishi kwa mdomo wake hilo lilikuwa jambo gumu kulitazama. "Hawakugeuka," akasema. "Hawakukukimbia. Nilikushinda tu."

Baba akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Maganzo. "Nani alihesabu?"

"Wangu hawamo kwenye hii picha. Walikuwa wengi mno, hawakuenea."

"Wako hawamo kwa sababu hawakuwepo."

Pumzi ikanirudi. Walikuwa wamepona.

Yule binti akaja na swali lake, kwa upole uleule. Mgeni rasmi yuko njiani. Tuiondoe, au ibaki kama ilivyo? Nikamweleza baba kwa ufupi. Akafikiri.

"Ukiitoa," akamwuliza binti, "watu wangu watakwenda wapi?"

"Watarudi stoo, babu."

"Basi ibaki. Na hayo maneno ni yenu, mtayajibia wenyewe. Mimi nitasimama hapa, anayepita nitamwambia."

"Kwa leo tu, babu. Leo ndiyo tunafunga."

"Kwani wewe ulidhani nitahamia?"

Wakasimama, mmoja kila upande wa picha. Mtu wa kwanza kupita alikuwa dereva wa bodaboda aliyeingia kukimbia jua. Baba akamshika mkono, akamwonyesha visogo. Mzee wa chatu akadakia kutoka upande wa pili kwamba asidanganywe, wenye ngoma walikuwa huku, nje ya picha. Dereva akacheka, akaita mwenzake. Wakaja walimu wawili na wanafunzi wao. Wakaja wanawake waliotoka sokoni, na jirani yangu wa vitumbua na beseni lake, akiwaambia wote kwamba yeye ndiye wa kwanza kuona. Baba akaeleza sheria ya mashindano: ukigeuka, umempunguzia mtu wako. Akaonyesha jembe lake. Mtu akamwomba aimbe kidogo. Akakataa, akasema sauti imekwisha, ila angeweza kuwapa maneno. Akaanza kuyatoa, ya Kisukuma, kwa sauti ya kuongea tu, na mzee wa chatu, ambaye alitakiwa kuyachukia maneno hayo, akawa anamkumbusha pale anaposahau.

Mgeni rasmi aliingia wakati huo. Alikuwa na suti nzuri, sitamnyima. Alipelekwa kwenye kipaza sauti mbele ya ukumbi, na watu wote walikuwa nyuma, kwenye picha. Akaanza kwa kusema kwamba historia ya mji ni ya wananchi wenyewe. Binti akapita katikati yetu akinong'ona, jamani geukeni, naomba mgeuke. Wanafunzi wakamtazama mwalimu wao. Mwalimu alikuwa anamtazama baba, na baba alikuwa hajamaliza ubeti.

Sikuweza kujizuia. Nikaenda mbele, nikasimama karibu na meza ya mgeni, nikageuka nikahesabu nyuso. Nikahesabu mara ya pili. Mbili: uso wa binti na wa mlinzi.

Nyuma ya bega la mgeni alikuwa mpiga picha, goti moja chini, anapiga. Alipiga kadhaa. Alipoinuka nikamshika koti.

"Kijana, hiyo picha inakwenda gazetini?"

"Ndiyo, mama."

"Chini yake utaandika nini?"

Akaangalia kamera yake, akaangalia ukumbi, akainua mabega. "Mimi napiga tu. Maelezo wanaandika ofisini."

Nikamwambia asiondoke mpaka anielekeze ofisi hiyo iko wapi na inafunguliwa saa ngapi.